Makala yangu ya "Zakaria Anarudi" ilidaiwa chanzo, nikaleta Chikongola nzima kuwa shahidi

Habari za muda huu wakuu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nyuzi zenu nazisoma, nacheka, nafunga simu, nalala. Ila hili limenikaa kifuani muda mrefu na nyumbani sina wa kumsimulia, maana niko mwenyewe.

Ni mambo yaliyonitokea kweli, sijatia chumvi. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nasisitiza hilo la chumvi.

Uzi ni mrefu kiasi. Mwenye haraka apite, hatugombani.

Mimi ni mtu wa Tukuyu. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipangiwa kazi Mtwara, idara ya maji. Enzi zile ukimwambia mtu umepangiwa Mtwara alikuwa anakupa pole kama umefiwa. Barabara ya Dar mvua ikinyesha haipitiki, na ile ya Songea kupitia Tunduru ndiyo usiseme kabisa. Ukishaingia umeingia.

Nikapanga chumba mtaa wa Chikongola. Sina mke, sina ndugu, kanisani nakaa benchi la nyuma na kuondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono.

Watu wa kule hawana ubaya, tuelewane. Mtwara watakusalimia mpaka mdomo uchoke kuitikia. Ni mimi ndiye nilikuwa sijui pa kuanzia. Nikitoka kazini nafunga mlango, napika wali wangu, nakula nikiangalia ukuta. Upweke ule sikuwa hata nauita upweke, nilidhani ndiyo utumishi wa umma.

Aliyenitoa mle ndani ni jirani yangu, Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane, mama wa makamo, kwao Madimba ambako alikuwa na mikorosho yake. Pale mjini alikuwa anakaanga mihogo kila asubuhi nje ya nyumba. Sauti yake ilikuwa inafika kabla ya harufu ya mafuta.

Sasa hapa inabidi niwaeleze habari ya umeme, bila hiyo hamtanielewa.

Umeme wa Mtwara ulikuwa wa mashine za dizeli, na mgao ulikuwa unakwenda kwa laini. Leo wanakata huku, kesho kule. Laini yetu ilikuwa inakatwa Alhamisi jioni. Na Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa saa ya tamthilia ya "Gereji ya Kona", ambayo nchi nzima ilikuwa haina habari nyingine.

Laini ya Shangani, wanakokaa wakubwa, Alhamisi ilikuwa haikatwi. Sababu siijui, na ninyi pia hamuijui.

Binti wa Bi Somoe aliolewa na mtu wa bandarini, wanakaa Shangani, wana TV na dishi kubwa kama kitanda. Kwa hiyo kila Alhamisi Bi Somoe alikuwa anajifunga kanga yake, anakwenda kutazama, analala huko huko. Ijumaa asubuhi anarudi, anawasha moto, anaweka karai, na mtaa unakusanyika kusimuliwa.

Wakuu, msione mchezo. Yule mama alikuwa anasimulia na mikono, na macho, na mwiko wa kugeuzia mihogo. Akiigiza bosi wa gereji anatembea kama bosi wa gereji. Watu walikuwa wanachelewa kazini. Mimi mwenyewe nilikuwa nachelewa, na mkuu wangu wa kazi alikuwa haniulizi kwa sababu na yeye alikuwa ananisubiri nifike nimsimulie.

Ijumaa ikawa siku yangu. Nilikuwa nina mahali pa kusimama, kuna watu kulia na kushoto, na mtu ananiuliza, "Wewe wa Tukuyu, unaonaje, Zakaria atarudi kwao au harudi?"

Zakaria alikuwa fundi wa ile gereji, kijana wa Mbulu aliyekuja Dar kutafuta maisha. Ana mama yake kijijini, kila siku anasema atakwenda kumwona, kila siku gari linaharibika. Mnajua wenyewe kwa nini nilimpenda.

Basi. Msimu mmoja wa mvua, ikaja simu ofisini kwamba mama yangu amefariki.

Nikaomba ruhusa, nikapanda gari siku ile ile. Nikafika Masasi. Mbele ya hapo barabara ilikuwa tope tupu, malori yamezama, magari yote yamegeuza. Nikakaa Masasi kwenye nyumba ya wageni, kila asubuhi naenda stendi kuuliza, kila asubuhi wananijibu vile vile. Mwishowe nikapiga simu Tukuyu, nikampata dada yangu Tusekile. Akaniambia, "Kaka, tumeshamzika. Rudi tu kazini."

Nikarudi Mtwara. Ilikuwa Alhamisi, taa zimezimwa.

Kesho yake sikutaka kutoka. Bi Somoe akaja kugonga.

"Mwanangu, pole. Nimesikia. Njoo nje, usikae kwenye giza."

"Leo sitaki kusikia habari za TV, Bi Somoe."

"Sawa, usisikie. Njoo ule nhogo."

Nikatoka. Watu walikuwa wamejaa pale, maana sehemu ya jana yake ilikuwa ile iliyosubiriwa, "Zakaria Anarudi". Walikuwa wanamhimiza. Bi Somoe akaniangalia, akageuza mihogo, akaniangalia tena. Kisha akaanza.

Akasema Zakaria alishuka kwenye gari na begi lake. Akapita njia ile ya kwao, mbwa wanabweka. Akafungua geti la miti. Akamkuta mama yake barazani, anabangua korosho. Mama hakushtuka wala hakulia. Akamwambia, "Umechelewa, chakula kimepoa. Kaa nikupashie."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna aliyenicheka. Kuna fundi baiskeli anaitwa Hamisi alinipa leso yake yenye grisi, nikajifutia hivyo hivyo.

Ile picha niliibeba wakuu. Nisiwafiche, nilikuwa siwezi kuwaza kaburi la mama yangu kwa sababu sikuliona, ila ile baraza niliweza kuiwaza. Nikifumba macho naona mama anabangua korosho. Tukuyu hakuna korosho hata ya dawa, lakini sikuwahi kulifikiria hilo.

Wiki zilizofuata nilikuwa namuuliza Bi Somoe, mama Zakaria anaendeleaje? Anajibu, "Nzima, anasalimia." Kila Ijumaa. Nzima, anasalimia.

Miaka ikaenda.

Bi Somoe akazeeka, akarudi Madimba kwenye mikorosho. Mwaka wa 2007 hivi umeme wa gesi ukaja, mgao ukapungua, TV zikaingia kila nyumba. Hakuna tena aliyehitaji kusimuliwa. Mambo mazuri, sikatai, tulikuwa tunayaomba. Lakini Ijumaa ikawa siku kama siku nyingine na mimi nikarudi kwenye ukuta wangu.

Tukuyu sikuwa nimekwenda tangu ule msiba. Likizo zinakuja, natoa sababu, zinapita. Tusekile akachoka kuuliza.

Ndipo nikagundua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika makala na mwingine akaja akairekebisha. Nikitoka kazini nakwenda kwenye kafe ya intaneti, nakaa kompyuta ya pembeni, naandika. Nikaandika kuhusu Mikindani. Nikaandika kuhusu Kitaya na mto Ruvuma. Watu nisiowajua wanakuja kunirekebishia herufi. Mtaona ajabu, lakini mtu kunirekebishia herufi ilikuwa inanipa raha, maana yake kuna mtu amenisoma.

Nikatafuta "Gereji ya Kona". Haipo! Tamthilia iliyosimamisha nchi, haina hata mstari.

Nikajipa kazi. Nikaandika makala kwa kila sehemu niliyoikumbuka. Na nilizikumbuka vizuri, maana nilisimuliwa na fundi wa masimulizi. Ya "Zakaria Anarudi" niliiandika kwa mapenzi, na nikaimalizia na baraza, korosho, na chakula kilichopoa.

Kurudi kesho yake nakuta juu ya kila makala kuna bango: makala hii haina vyanzo, isipopata vyanzo itafutwa.

Aliyeweka ni mkabidhi mmoja, yaani wale wasimamizi wenye uwezo wa kufuta. Jina lake la mtandaoni lilikuwa Nondo. Kwenye ukurasa wa majadiliano alikuwa ameandika kistaarabu kabisa kwamba sehemu moja ya tamthilia haistahili makala yake yenyewe mpaka iwe imeandikwa na chombo huru, mfano gazeti au kitabu, mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kwenda kuhakiki.

Nikamjibu, "Chanzo ni mimi."

Akajibu, "Mkuu, kumbukumbu yako naiheshimu. Ila mimi nitaihakiki vipi?"

Jamani nilikasirika. Nilimwona kama wale wanaokaa Dar kwenye kiyoyozi, hawajui kukosa umeme ni nini. Nikamwandikia maneno ambayo hapa mods wangeyafuta.

Yeye akatulia tu. Akapendekeza zile makala zote ziunganishwe ziwe sehemu ndani ya makala moja kuu ya tamthilia. Baada ya mabishano nikakubali, isipokuwa moja. Ya Zakaria nilikataa. Nilimwambia hiyo hata ifanyweje haifutwi wala haipunguzwi sentensi.

Sikumwambia kwa nini. Ningemwambiaje? Kwamba ile sentensi ya mwisho ndiyo mahali pekee ambapo mama yangu bado amekaa?

Akaniambia, "Basi leta chanzo, nami nitakuwa wa kwanza kuitetea."

Nikasema sawa, unataka mashahidi, nitakuletea mashahidi.

Jumamosi nikazunguka Chikongola yote. Nikaanza na Hamisi wa baiskeli. Namuuliza, unakumbuka sehemu ile Zakaria amerudi kwao, iliishaje? Hata hakufikiri. "Alinkuta mama yake anabangua korosho." Nikaenda kwa mama mwenye duka, korosho. Nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mchaga, mtu makini sana, korosho. Kinyozi, korosho. Hata mkuu wangu wa zamani wa kazi, korosho na chakula kimepoa.

Nilirudi kwenye kafe natembea kifua mbele. Nikaandika kwamba mtaa mzima unathibitisha, neno kwa neno, bila kupangana. Nikaweka na alama za mshangao.

Jibu la Nondo lilikuwa fupi.

"Mkuu, hao wote waliitazama, au walisimuliwa? Na kama walisimuliwa, aliyewasimulia ni nani?"

Nikabaki namwangalia yule kwenye kioo cha kompyuta, ambaye ni mimi mwenyewe.

Chini yake aliongeza: "Halafu nina swali dogo, usinielewe vibaya. Zakaria ni mtu wa Mbulu. Mbulu korosho zinatoka wapi?"

Nikalipa, nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani bila kujua nimepita njia gani.

Nilijaribu kujitetea. Nikaandikia kituo cha televisheni kuomba mkanda wa ile sehemu. Wakanijibu kwa upole kwamba mikanda ya wakati ule ilirekodiwa juu yake vipindi vingine, haipo tena. Kwa hiyo hapakuwa na mtu duniani wa kuitazama tena na kunisaidia. Nilikaa na hilo jibu na nikajiona peke yangu kuliko hata ile siku ya Masasi.

Sasa angalieni Nondo. Mtu niliyemtukana. Alikwenda mwenyewe maktaba, akafukua magazeti ya zamani, akapata ukurasa wa burudani ulioeleza ile sehemu yote mwanzo mpaka mwisho. Akaupiga picha, akanitumia.

"Hongera mkuu, tumepata chanzo! Makala inabaki. Ila mwisho urekebishe kidogo, nadhani ulisahau. Gazeti linasema Zakaria alipofika alikuta mama yake ameshazikwa."

Alikuwa na furaha ya kweli yule bwana. Alijua amenisaidia.

Mwisho wa wiki ule nikaenda Madimba.

Bi Somoe nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amepungua mwili, jicho moja limeingia ukungu, lakini mikono ile ile. Mbele yake kuna jiwe na rundo la korosho zilizokwisha kukaangwa, anabangua. Sitii chumvi. Ulikuwa msimu wake, Madimba nzima ilikuwa inabangua.

Tukasalimiana sana. Akanipa kigoda na jiwe la pili, tukawa tunabangua wote. Ndipo nikamuuliza habari ya Zakaria.

Akapuliza maganda. Kisha akacheka kidogo.

"Umejua."

"Gazeti linasema mama yake alikufa, Bi Somoe."

"Alikufa, ndiyo. Lakini siku ile mie sikujua. Umeme ulikatika na Shangani. Zakaria kashika geti, hajafungua, pap! Giza. Tukangoja, wapi. Nikalala bila kujua."

"Sasa ile baraza?"

"Asubuhi nakuja, nakukuta wewe umetoka Masasi, macho mekundu, na watu wote wananambia haya, sema. Ningekwambia umeme umekatika? Nikafungua geti mwenyewe."

Nikamwambia, lakini wiki iliyofuata uliona. Ulijua amekufa.

"Niliona. Wanamlilia, wanavaa nyeusi. Nikasema heh!" Akagonga korosho, akatoa punje nzima nyeupe, akaniwekea kiganjani. "Mwanangu, mie nilikuwa nshanfufua. Nimuue tena, kwa ajili ya TV?"

Nilikula ile korosho. Yule mama alimweka hai mama wa watu, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka tamthilia ikaisha, na kila wiki alikuwa anatafuta jinsi ya kumkwepesha na kile kifo, ili mimi nikiuliza aweze kusema nzima, anasalimia. Na Chikongola yote ikaamini naye.

Wakati naondoka akaniuliza, "Na wewe kwenu umeshakwenda?"

Nikasema bado.

"Nenda," akasema. "Korosho n'takupa za njiani."

Jumatatu nikaenda kwenye kafe. Nikafungua makala. Nikaichagua ile sentensi ya baraza, nikaifuta kwa mkono wangu, sikutaka Nondo anifutie. Nikaandika badala yake: "Alipofika, alikuta mama yake ameshazikwa." Nikaweka tanbihi ya gazeti.

Yale maneno nilikuwa sijawahi kuyaandika popote. Wala kuyatamka. Nilibonyeza herufi moja moja mpaka kijana mwenye kafe akaniuliza kama mashine imeganda. Nikamwambia haijaganda, inafikiri.

Nondo akaja akaandika, "Kazi nzuri mkuu," akaliondoa bango.

Likizo iliyofuata nilikwenda Tukuyu. Tusekile hakunilaumu, alinionyesha tu kwa kidole, pale chini ya migomba. Palikuwa pamesafishwa. Nikakaa hapo, manyunyu yananinyeshea, nikamwambia mama kwamba barabara ilikuwa tope. Nilimwekea korosho za Bi Somoe. Najua ni mambo ya ajabu kwa mtu wa kanisani, mnisamehe.

Bi Somoe alifariki mwaka uliofuata. Madimba si mbali, barabara ilikuwa kavu, na safari hii niliwahi kuzika.

Nilichojifunza ni hiki. Nondo alikuwa sahihi. Watu mia wakisema kitu kimoja, uliza kwanza wamekisikia kwa nani, unaweza kukuta wote wamekula kwenye karai moja. Kamusi ni ya watu wote na lazima isimame kwenye kitu ambacho mgeni anaweza kukihakiki. Siku hizi mimi mwenyewe ndiye naweka lile bango kwenye makala za vijana, na matusi nayapokea.

Lakini kuna vitu tumeachiwa na watu na havitapata tanbihi mahali popote. Mkanda hakuna, gazeti linapinga, aliyesimulia yuko udongoni, na aliyesimuliwa anakaa chumba kimoja na kuzungumza na ninyi msiomjua. Hivyo vikalie wapi?

Nimeona vikae humu. Kama nawe kuna mtu aliwahi kukusimulia jambo ambalo si kweli na likakuvusha, liweke hapo chini. Usilete ushahidi, hatudai. Na kama kuna mtu humu aliitazama ile sehemu kwa macho yake, karibu pia, ila leo naomba usinisahihishe.

Naanza mimi.

Zakaria alifungua geti, akamkuta mama yake barazani anabangua korosho. Akaambiwa amechelewa, chakula kimepoa, akae apashiwe.

Chanzo: Bi Somoe, Chikongola, Ijumaa asubuhi.